Kuotesha choroko za mbwa: chupa, chujio au trei ya tabaka? Na mbegu gani za kununua Arusha na Moshi

Anayetaka kumwoteshea mbwa wake choroko hapa Arusha au Moshi ana vyombo vitatu vya kuchagua. Kuna chupa ya kioo ya mdomo mpana iliyofungwa wavu, kuna chujio la plastiki la jikoni lililotandikwa kitambaa, na kuna trei za plastiki za tabaka tatu au nne zinazouzwa mahsusi kwa kazi hiyo. Trei ndiyo ghali, na boksi lake limejaa picha za kupendeza. Sisi tumeiweka ya mwisho. Moshi, na popote penye joto, chukua chujio. Arusha kwenye baridi ya Juni hadi Agosti, chukua chupa. Ila mbegu mbaya itakushinda hata ukiwa na chombo cha dhahabu, kwa hiyo tutaanza na mbegu.

Na kabla ya mbegu, neno moja la kupunguza matumaini. Mbwa wengi wa huku wanaishi kwa ugali wa dona na dagaa, na wengine kwa ugali na supu ya mifupa. Kama fedha iliyopo ni ya kitu kimoja tu, nunua dagaa. Choroko zilizoota hazizibi pengo la nyama wala la chokaa ya mifupa. Ile sifa ya "vitamini C tele" haimhusu mbwa kabisa, kwa sababu mwili wake huitengeneza wenyewe kwenye ini. Anachopata hasa ni nyuzinyuzi laini, unyevu, foleti (aina ya vitamini B), na protini ya choroko ikiwa rahisi kidogo kumeng'enywa. Kuotesha hupunguza fitate, ile inayoshika zinki na chuma visiingie mwilini, na hupunguza pia sukari zinazoleta gesi tumboni. Lakini fitate inayopungua ni ya choroko zenyewe. Ile iliyomo kwenye dona haiguswi. Kwa hiyo hii ni nyongeza ya kando ya sahani, na ukiichukua hivyo hutajilaumu.

Mbegu

Choroko nzima za kula ndizo bora kwa kuanzia. Zinapatikana Kilombero na Soko Kuu pale Arusha, Tengeru siku za Jumatano na Jumamosi, na Mbuyuni kwa watu wa Moshi. Usibebe sado nzima siku ya kwanza. Chukua robo kilo, ipeleke nyumbani, hesabu punje 20, ziloweke na kuziotesha kwenye kitambaa kibichi. Zikiota 18 au zaidi, rudi kwa muuzaji yule yule ununue za kutosha kabla mzigo wake haujabadilika. Zikiota chini ya 15, zilizobaki zipike mboga. Punje isiyoota hailali tu pale ikangoja: inalainika, inatoa utelezi, na utelezi huo unaambukiza jirani zake ndani ya siku moja.

Angalia pia vitundu. Choroko zilizobunguliwa zina tundu moja la mviringo, safi kama limetobolewa kwa sindano nene, na kiganjani zinaacha unga mwembamba. Ukizimwaga kwenye maji nyingi zinaelea. Ondoa zote zinazoelea bila huruma.

Tatizo kubwa zaidi halionekani kwa urahisi: dawa ya kuhifadhia nafaka. Wakulima na wauzaji wengi huchanganya mazao na dawa ya unga ili wadudu wasiyatoboe. Choroko iliyotiwa dawa hiyo ina vumbi jepesi la rangi ya kijivu au nyeupe linalong'ang'ania kwenye mstari mweupe wa kitovu cha punje, na gunia likifunguliwa linatoa harufu kali isiyo ya nafaka. Muulize muuzaji waziwazi kama zimewekewa dawa. Wanaohifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile ya PICS na ya aina hiyo, hawahitaji dawa, na choroko zao ndizo za kutafuta hata kama bei imezidi kidogo. Usidhani kuosha mara tatu kunamaliza kazi, kwa sababu mbegu inayolowekwa inanyonya maji pamoja na kilichomo ndani yake.

Mbegu za duka la pembejeo ziache kabisa. Zile za rangi ya pinki, nyekundu, bluu au kijani zimepakwa dawa ya kuzuia ukungu na wadudu wa shambani, na rangi imewekwa makusudi ili mtu asizile. Ndiyo maana brokoli, inayosifiwa sana na wafuga mbwa wa ng'ambo, hatuipendekezi huku: mbegu utakazopewa dukani kwa kawaida ni za kupanda. Isitoshe, kimeng'enya kinachoipa brokoli sifa yake hufa kwenye maji ya moto, na sisi tunataka kila kinachooteshwa kipitie maji ya moto kabla ya kuingia kwenye sahani ya mbwa. Sababu inakuja.

Adesi nzima za kahawia au kijani nazo zinaota vizuri. Zile nyekundu zilizokobolewa hazioti, kama ambavyo choroko zilizopasuliwa haziwezi kuota. Kunde na dengu zinaota vizuri ila zinaleta gesi zaidi, na lazima zipikwe hadi ziive.

Usioteshe mtama kwa ajili ya mbwa. Chipukizi la mtama lina kemikali inayoachia sianidi, na kiasi chake hupanda sana mche unapoanza kutoka. Maharage, hasa mekundu, yakiwa mabichi yana lektini inayotapisha na kuharisha, na kuotesha hakuiondoi. Fiwi na soya mbichi nazo zipite. Chipukizi za viazi mviringo ni sumu, na majani ya kitunguu au kitunguu saumu kilichoota jikoni yanaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa sawa na kitunguu chenyewe. Nafaka yoyote yenye dalili ya ukungu isiguswe: sumukuvu haiondoki kwa kulowekwa, kuoteshwa wala kupikwa, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoumizwa nayo upesi.

Chujio (alama 8 kwa 10, Moshi, 9)

Unahitaji chujio la plastiki lenye matundu pande zote, la upana wa sahani ya kawaida, bakuli la kulikalisha, na kitambaa cha pamba kilichochemshwa. Faida yake ni hewa. Moshi iko chini sana ukilinganisha na Arusha, kati ya mita 700 na 950 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Januari hadi Machi choroko zilizorundikana ndani ya chupa hupata joto lao wenyewe juu ya joto la chumba. Ukiingiza kidole katikati unasikia uvuguvugu. Saa chache baadaye zinanuka kama uji uliochacha. Kwenye chujio, tabaka la choroko lisilozidi sentimita mbili linapumua juu na chini, na joto hilo halipati pa kukaa.

Kasoro yake ni kukauka. Kitambaa kinachofunika juu kikikauka mchana kutwa, mizizi inageuka kahawia nchani na kusimama. Kilowanishe kila unaposuuza, kikamue, kisha kifunike. Kisidondoshe maji.

Chupa (alama 7, Arusha wakati wa baridi, 8)

Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi, na usiku wa Julai choroko zilizo kwenye chujio zinalala tu. Chupa ya lita moja inashika joto kidogo linalotoka kwenye mbegu zenyewe, na hapo ndipo inaposhinda. Iweke imelala kwa kuinama, mdomo chini, juu ya bakuli au kwenye kreti ya vyombo, ili tone la mwisho litoke. Anayeisimamisha wima ndiye anayelalamika baadaye kwamba choroko zinaoza: maji ya kijiko kimoja tu yakibaki chini, tabaka la chini linakosa hewa.

Wavu wa mdomoni uwe tulo (kitambaa laini cha matundu kama cha shela), kipande cha pazia jepesi, au wavu mpya wa dirishani uliooshwa. Usikate chandarua chenye dawa. Kuna vyandarua ambavyo dawa imewekwa ndani ya uzi wenyewe, na hata kikioshwa mara ngapi inaendelea kutoka kidogo kidogo. Ni kazi yake.

Namna ya kuotesha

Kwa mbwa mmoja wa kati, vijiko viwili vya chakula vya choroko kavu vinatosha, kama gramu 25 hadi 30. Mkia ukifika sentimita moja, uzito unakuwa umezidi maradufu, gramu 60 hadi 70 hivi. Watu hutia kikombe kizima mara ya kwanza, kisha hawajui pa kuzipeleka.

Chambua, osha, toa zinazoelea. Loweka kwenye maji mara nne ya ujazo wa choroko: saa 8 Moshi, saa 10 hadi 12 Arusha wakati wa baridi. Usizidishe, kwani mbegu iliyozama muda mrefu inakosa hewa na inakufa kabla haijaota. Mwaga maji hayo kwenye maua, usimnyweshe mbwa, kisha suuza hadi maji yawe meupe. Baada ya hapo ni kusuuza na kuchuja tu: mara tatu kwa siku Moshi, na mara nne siku za joto kali, mara mbili zinatosha Arusha. Maji yawe ya kunywa. Weka mbali na jiko na mbali na jua la moja kwa moja. Giza si lazima. Zikipata mwanga zinapata rangi ya kijani na uchungu kidogo, basi.

Moshi mkia unatoka ndani ya saa 24 baada ya kuchuja, na siku ya pili zinakuwa tayari. Arusha, Julai, hesabu siku tatu, wakati mwingine nne. Tayari maana yake mzizi umelingana na urefu wa punje au umeuzidi kidogo. Kwa mbwa hakuna haja ya zile ndefu za mgahawa wa Kichina: nyuzi zake ni ngumu kumeza zikiwa nzima, na kila siku unayoongeza ni siku ya bakteria kuzaana.

Kuhusu maji ya Arusha: floraidi ya miteremko ya Meru, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi, inajulikana, na kuchemsha hakuipunguzi, kunaikoleza tu. Kwa choroko chache hivi, kiasi kinachoingia ni kidogo mno ukikilinganisha na bakuli la maji analokunywa mbwa kutwa. Kama una maji ya mvua au ya chujio la mkaa wa mifupa linalopunguza floraidi, mpe kwanza kwenye bakuli hilo.

Ukungu au vinyweleo?

Hapa ndipo wengi wanatupa kizuri au wanalisha kibaya. Baadhi ya mbegu, hasa nafaka kama ulezi na ngano, zikikosa maji kidogo zinatoa manyoya meupe laini kuzunguka mzizi. Hivyo ni vinyweleo vya mzizi. Vimepangwa sawasawa kama brashi ya chupa, vimeshika mzizi tu, na ukimwagia maji vinalala na kupotea machoni. Ukungu hauko hivyo. Unaanzia kwenye punje iliyokufa, unatandaza nyuzi kama za buibui kutoka punje hadi punje, na baada ya kusuuza bado unauona. Harufu nayo inasema: choroko nzuri inanuka kama ganda bichi la maharage lililovunjwa. Ukisikia uchachu, au vidole vikateleza kama vimeshika bamia, tupa zote. Usijaribu kuchagua zilizo nzima.

Kumlisha

Chovya machipukizi kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja hadi mbili, uchuje, uache yapoe. Mbegu yenyewe inaweza kuja na salmonela au E. koli kutoka shambani, na siku mbili za unyevu na joto zinazosaidia choroko kuota zinasaidia pia bakteria hao. Mwaka 2011 Ujerumani ilipata mlipuko mkubwa wa E. koli uliofuatiliwa hadi kwenye machipukizi ya uwatu, mbegu zake zikiwa zimetoka Misri, na watu zaidi ya 50 walifariki. Mbwa mwenye afya anaweza kubeba salmonela bila kuumwa na kuiacha uani kupitia kinyesi, mahali wanapochezea watoto. Siki haitoshi kuua kilichojificha ndani ya nyufa za mbegu. Kwenye dakika hiyo moja utapoteza vitamini kidogo, na si hasara ya kulilia.

Kisha katakata au ponda. Mbwa hatafuni kama mbuzi. Punje nzima inaingia na inatoka nzima, na kesho yake utaikuta kwenye kinyesi na ganda lake la kijani likiwa limekaa vile vile. Kinu kidogo na mchi vinafanya kazi vizuri kuliko kisu, ila kama ndicho cha kutwangia kitunguu saumu, kisugue kwa sabuni kwanza au tafuta kingine. Maganda yanayoelea wakati wa kusuuza yaondoe ukipenda; hayana madhara.

Mbwa mdogo wa kilo tano, anza na robo ya kijiko cha chai. Wa kilo 10 hadi 20, nusu kijiko cha chai. Mbwa mkubwa wa ulinzi, kijiko kimoja cha chai. Kaa hapo siku tatu ukiangalia kinyesi. Kikiwa kigumu cha kawaida, panda taratibu hadi kijiko cha chai kwa mdogo, kijiko cha chakula kwa wa kati, viwili kwa mkubwa, mara tatu au nne kwa wiki. Kikilainika au akijamba hadi watu wanahama sebuleni, rudi nusu. Akiharisha zaidi ya siku moja au kukiwa na damu, acha na uende kwa daktari wa mifugo. Vitoto vya mbwa na mbwa anayeumwa tumbo waache kwanza.

Changanya kwenye ugali uliopoa, pamoja na supu ya dagaa isiyo na chumvi wala kitunguu. Mbwa wengi wataramba dagaa na kuacha choroko pembeni kama zikiwekwa juu. Zikandwe ndani ya tonge.

Zinazobaki zikaushe juu juu kwa kuziacha zichuje saa chache baada ya kusuuzwa mara ya mwisho, ziingie kwenye friji kwenye chombo chenye karatasi ya jikoni chini, zimalizike ndani ya siku tatu. Zikiwa bado na maji juu yake, hata friji haizuii kuteleza. Umeme ukikatika zaidi ya saa nne, chemsha zote siku hiyo hiyo au tupa.

Ulezi, kwa watu wa Moshi

Anayejua kuandaa kimea cha mbege anajua tayari kuotesha ulezi: kuloweka, kufunika, kusubiri. Tofauti ni kwamba wa mbwa hauendi kukaushwa chini kwenye jua. Punje zake zinapita kwenye wavu, kwa hiyo tumia mfuko wa kitambaa cha pamba, na baada ya kuota usage uwe rojo na uupike kwenye uji wa mbwa, kijiko kimoja cha chakula kwa sufuria ndogo. Usishtuke uji mzito ukiwa mwepesi ghafla kama maziwa. Kimeng'enya cha kimea kinakata wanga, ndiyo kazi yake. Kimea kikavu cha sokoni hatukipendekezi, kwa sababu kimekaushwa kwa ajili ya pombe na hujui kimelala wapi na kwa unyevu gani. Machicha ya mbege yabaki ya ng'ombe na nguruwe. Mbwa na kileo havipatani, hata kidogo.

Trei ya tabaka (alama 4)

Wazo lake ni zuri: unamwaga maji tabaka la juu, yanashuka yenyewe hadi la chini, unamaliza kusuuza kwa mara moja. Shida ni kwamba tabaka la chini linaoga maji machafu ya yale yaliyo juu. Punje moja ikioza juu, zote zinajua. Kila tabaka lina kizibo kidogo cha plastiki chenye mifereji kinachonyonya maji kwenda chini, na ganda moja la choroko linatosha kukiziba. Likiziba, maji yanasimama nusu sentimita usiku kucha na wewe huoni kwa sababu tabaka la juu yake limelifunika. Chini yake kuna mifereji midogo ambayo sponji haifiki, na ndani ya wiki chache inapata utando wa kahawia unaotoka kwa mswaki wa zamani tu. Kwa bei yake unapata chujio, bakuli, chupa na kilo kadhaa za choroko.

Zile mashine za umeme zenye kunyunyiza maji ni mbaya zaidi pale zinapozungusha maji yale yale siku nzima: maji yanapata joto, yanakuwa supu ya bakteria, kisha yanamwagwa tena juu ya mbegu.

Kama trei umeshainunua, usiitupe. Toa vizibo vyote, toboa matundu mengine machache ya milimita tatu kwenye sakafu ya tabaka moja, litandike kitambaa na ulitumie peke yake kama chujio. Kwa kazi hiyo linafaa kabisa, na kama ni la mraba linakaa kwenye friji vizuri kuliko chujio la mviringo.